Mikate ya Ndizi na Mkono Ugawao



Katika nchi yetu ya Karagwe na Kyerwa ni shida kuona nyumba ya mkulima isiyo na migomba ubavuni. Tuna ndizi za kupika, tuna ndizi za kukamua, tuna ndizi za kuchoma ambazo kwa lugha ya kwetu huitwa enkonjwa, tena tuna zile ndogo tamu ambazo huliwa zikiwa mbivu. Kwa hiyo mama wa kwetu akitaka kuwafurahisha watoto wake hana haja ya kwenda dukani kununua pipi. Utamu wake uko shambani, nyuma ya nyumba. Leo napenda kuandika habari ya utamu huo. Lakini sitaandika habari ya upishi tu, maana nimejifunza kwa uchungu ya kuwa kupika ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kugawa.

Mimi ni mwalimu, tena ni mama wa watoto watatu niliowazaa, na wa mmoja ambaye Mungu ametupa kwa njia nyingine. Huyo ni binti wa marehemu wifi yangu, aliyefariki miaka mitatu iliyopita upande wa Kyerwa. Mume wangu alikwenda mazikoni, akarudi amemshika mkono mtoto wa miaka sita mwenye kifurushi kidogo cha nguo. Nalimpokea kwa moyo mweupe, nikamshonea sare ya shule, nikamlaza pamoja na wenziwe, naye akaniita Mama kama waniitavyo wao. Nasema hayo mapema ili msomaji asidhani ya kuwa nalimchukia. Kama ningalimchukia, ningalijitambua mapema.

Basi, ikifika Jumamosi jioni, desturi yangu ni kupika mikate midogo ya ndizi mbivu, ile ambayo jirani zetu wa Uganda huiita kabalagala. Kupika kwake ni hivi. Twaa ndizi ndogo tamu zilizoiva hata maganda yameanza kupata madoa meusi. Zikiwa ngumu hazifai, na zikiwa zimechacha hazifai pia. Zimenye, uziponde kwa mkono katika bakuli hata zilainike zote. Usitie maji hata tone, maana ndizi ina maji yake ya kutosha. Kisha tia unga wa muhogo kidogo kidogo huku ukikanda, hata donge lishikamane wala lisinate mkononi. Lisukume juu ya ubao ulionyunyizwa unga, ulikate kwa mdomo wa kikombe, ukaange vipande katika mafuta yenye moto wa kadiri.

Lakini ijulikane ya kuwa sukari ya ndizi huungua upesi. Mikate ya kwanza hutoka ina rangi nzuri ya kahawia. Ile ya mwisho, mafuta yakiwa yamepata moto mno na makombo ya unga yametuama chini ya kikaango, hutoka myeusi, na pembeni ina uchungu. Mama awe hodari namna gani, haikosi mitatu au minne ya namna hiyo. Na hiyo lazima iliwe na mtu, kwa kuwa kwetu chakula hakitupwi. Hapo ndipo inapoanza habari yangu.

Juma moja la mwezi wa Novemba nalikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa darasa la sita habari za mfalme wetu wa zamani, Rumanyika wa Karagwe. Naliwaeleza jinsi alivyowakaribisha Waingereza wawili, Speke na Grant, katika mji wake wa Bweranyange, mwezi kama huo wa Novemba, mwaka 1861. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, Speke aliandika ya kuwa wanawake wa jamaa ya mfalme walinyweshwa maziwa mengi mno, wapate kunenepa, kwa maana unene ulikuwa ndio uzuri na heshima ya nyumba. Aliandika tena ya kuwa katika nyumba ya shemeji mmoja wa mfalme alimwona binti wa miaka 16 akinywa maziwa kutoka chomboni, na baba yake ameketi na fimbo mkononi ili asiache kunywa.

Wanafunzi wakacheka sana. Ndipo msichana mmoja akainua mkono, akauliza, “Mwalimu, je, binti yule aliyapenda maziwa?” Nikamjibu ya kuwa kitabu hakisemi, kwa kuwa labda hakuna aliyemwuliza. Tukaendelea na somo, nami sikulifikiri neno hilo tena hata Jumamosi.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu adhuhuri, na watoto wote walikuwa jikoni wakiota moto. Nalikuwa nikiepua mikate, na ile ya mwisho ilikuwa ingali kikaangoni. Nikamwita mwanangu wa mwisho, mvulana wa miaka mitano, nikampa sinia nikamwambia, “Haya, wewe leo wagawie wenzako.” Akafurahi kwa kupewa kazi ya wakubwa. Nikamsikia akigawa kwa sauti: huu wa kaka, huu wa kaka, na huu wangu. Kisha akasimama mbele yangu na sinia lake, akaniuliza, “Mama, iliyoungua iko wapi?”

Nikamwuliza, “Ya nini iliyoungua?”

Akanijibu pasipo hila yo yote, “Ya dada. Iliyoungua si ndiyo ya dada?”

Nikageuka kumtazama binti yetu. Alikuwa ameketi karibu na mlango, ameshika kibakuli chake, anangoja. Hakukasirika, wala hakuona haya. Alingoja tu, kama mtu anayeijua zamu yake.

Nalitaka kumkemea yule mdogo na kumwuliza ni nani aliyemwambia hayo. Lakini ulimi ulikwama, kwa maana nalimjua aliyemwambia. Sikumwambia kwa kinywa, nalimwambia kwa mkono. Kila Jumamosi, kwa muda wa miaka mitatu, mkono wangu ulikuwa ukimfundisha somo hilo, naye, kwa kuwa ni mtoto mwenye akili, alikuwa amelishika vizuri. Sikuwa na fimbo kama yule baba wa Bweranyange, na hata hivyo kila mtoto katika nyumba yangu alikwisha jua mahali pake.

Usiku ule nalijitetea moyoni. Nalisema, ni msichana, nami namzoeza uvumilivu wa jikoni. Nalisema, umri wake wa miaka tisa si mdogo. Nalisema, hakulalamika hata siku moja. Lakini mwanangu wa kwanza ana miaka kumi, naye hajapata kupewa mkate ulioungua. Na juu ya kutolalamika, sote twajua ya kuwa mtoto mwenye mama yake hulalamika, na asiye naye hujifunza kushukuru upesi mno.

Hilo nalipaswa kulijua kuliko mtu mwingine, kwa sababu mimi mwenyewe sikulelewa na wazazi wangu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walionekana katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za kwetu zilibaki na wazee na watoto tu. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa mojawapo. Alibaki na wajukuu saba, nasi twalikuwa watoto wa wanawe watatu. Siku ya Jumapili, tukirudi kanisani, alichoma enkonjwa katika majivu ya moto. Mara nyingi zilikuwa mbili tu, nasi twalikuwa saba. Bibi hakugawa mwenyewe. Alimpa kisu mmoja wetu kwa zamu, akasema neno lake moja, “Mwenye kisu huchagua mwisho.”

Laiti mngalituona! Mwenye kisu alipima kwa kijiti, akapima tena, akainama kama karani wa mizani ya kahawa, kwa kuwa alijua ya kuwa akikata vibaya, kipande kidogo kitakuwa chake. Bibi aliketi pembeni akivuta shanga zake za rozari, wala hakutuangalia. Mgeni akija nyumbani hakuweza kujua kwa chakula ni nani mtoto wa nani. Twalikuwa maskini, lakini haki ilikaa nasi jikoni. Na mimi niliyelelewa kwa haki hiyo ndiye niliyeisahau nalipopata sinia langu mwenyewe.

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa sita, twasoma habari ya manung’uniko katika kanisa la kwanza, kwa sababu wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika kugawiwa chakula cha kila siku. Mitume hawakusema, “Hilo ni jambo dogo la chakula.” Waliweka watu saba wa kuaminiwa kwa kazi hiyo, naye Stefano alikuwa mmoja wao. Zamani nalipoisoma habari hiyo nalidhani ni habari ya kanisa. Sasa naona ni habari ya jikoni pia. Tena haikuandikwa ya kuwa wajane wale walichukiwa. Walisahauliwa tu.

Nalimweleza mume wangu yote. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, hata mimi naliona. Nalinyamaza kwa kuwa nalihofu utadhani naipendelea damu yangu.” Basi kumbe sote wawili twalikuwa tumekula mikate mizuri kila Jumamosi, kila mtu na hofu yake, na mtoto yupo mlangoni.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda kanisani, nalimwita binti jikoni, nikamwambia, “Mwanangu, nimekukosea.” Akaniuliza, “Kosa gani, Mama?” Nikamwambia neno la mikate. Akatazama chini, akasema, “Mimi naipenda iliyoungua.” Sikujua kama alisema kweli au ilikuwa adabu yake tu. Nikalikumbuka swali la yule mwanafunzi wangu, nikaona haya. Miaka mitatu mtoto yumo nyumbani mwangu, nami sijui apenda nini, kwa kuwa sijamwuliza.

Tangu juma lile nalirudisha sheria ya bibi. Mmoja hugawa kwa zamu, naye huchagua mwisho, na wa kwanza kuchagua hubadilika kila Jumamosi. Ilipofika zamu ya binti yetu kuchagua kwanza, naliweka mikate yote katika sinia moja, mizuri na iliyoungua pamoja. Akanyosha mkono, akachukua mmoja uliokuwa mweusi kuliko yote. Sikusema kitu. Zamu yake ilipofika mara ya pili, alifanya vile vile. Nikafahamu ya kuwa yale niliyoyafundisha kwa miaka mitatu hayafutiki kwa msamaha wa asubuhi moja.

Wazazi wenzangu, ninyi mnaolea watoto wa ndugu zenu, nanyi ni wengi katika nchi hii, naomba niseme nanyi neno moja. Mimi nalidhani ya kuwa sare ya shule, kitanda na dawa ndivyo vipimo vya malezi, na katika hivyo sikupungukiwa. Lakini mtoto hapimi kwa vile tunavyovihesabu sisi. Hupima kwa kipande cha nyama kitiwacho katika sahani yake, kwa nani atumwaye maji wakati wa mvua, na kwa nani aulizwaye, “Je, umeshiba?” Wala si yeye peke yake apimaye, maana watoto tuliowazaa nao hutuangalia, na kesho watagawa kama tulivyogawa sisi. Mwanangu wa miaka mitano hakuwa na ubaya wo wote. Alikuwa mwanafunzi mwema wa mwalimu mbaya. Jaribuni hili: siku moja mpeni mtoto wenu mdogo sinia agawe, nanyi nyamazeni mtazame. Atawaonyesha nyumba yenu.

Ilipita Pasaka. Jumamosi moja zamu ya binti yetu ikafika tena. Akanyosha mkono, akausimamisha juu ya sinia, akautazama ule mkate mweusi, kisha akachukua mmoja wa katikati, mnene, wenye rangi nzuri, akauuma mara. Yule mdogo akapiga kelele, “Huo ndio nalioutaka mimi!” Naye akamjibu, kinywa kimejaa, “Ngoja zamu yako.” Wakagombana hapo, mara ya kwanza tangu aje kwetu, kwa makelele kama wagombanavyo ndugu, nami sikuwaamua.

Ile iliyoungua twaila mimi na mume wangu, pamoja na chai. Ukiizoea, si mibaya sana.