Kufunga, Kuanua na Kutulia

Neno la Kiingereza 'closure' hutumika kwa kufungwa kwa barabara, kwa kukatizwa kwa mjadala bungeni na hata kwa kizibo cha chupa. Katika miongo ya karibuni limeongezewa maana nyingine: utulivu aupatao mfiwa pindi jambo lake linapofikia mwisho. Maana hii ndiyo inayowataabisha wafasiri, nao mara nyingi hukimbilia kitenzi -funga.

Kimbilio hilo halina usalama. Kiini cha -funga ni kukaza na kuunganisha kuliko kukomesha. Afungaye safari ndiyo kwanza anaondoka; wafungao ndoa wanaanza maisha. Mfungo wa Ramadhani wenyewe huishia katika kufungua, na miezi tisa inayoufuata huhesabiwa kwa jina hilo, tangu Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Kenda. Mfiwa akiambiwa kwamba moyo wake umefungwa, pengine atadhani amerogwa.

Kwa upande wa msiba, Kiswahili kina kitenzi chake: matanga huanuliwa. Kitenzi -anua ni kinyume cha -anika. Kilichotandazwa juani hukusanywa na kurudishwa ndani. Hakitupwi, wala hakisemwi kuwa kimekwisha. Tena tendo lenyewe ni la ndugu na majirani, si la mfiwa peke yake, wala halidai kwamba huzuni imekoma. Mjane wa Kiislamu hubaki katika eda kwa miezi minne na siku kumi, ilhali matanga yamekwisha kuanuliwa zamani.

Hata hivyo neno hili nalo lina mpaka wake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Baadhi ya miili ilizikwa Igoma bila kutambuliwa. Mingine haikupatikana kabisa. Kwa aliyekaa matanga bila kuiona maiti, kilichoanuliwa ni kikao tu. Mfasiri wa kitabu cha ushauri nasaha akimwandikia mtu huyo kwamba sasa "afunge ukurasa", anamwamuru jambo ambalo jamaa zake wenyewe hawakuthubutu kumwamuru. Wao husema tu kwamba moyo wake haujatulia. Na -tulia imenyambuliwa kutokana na -tua, kitenzi cha mchukuzi anayeushusha mzigo kichwani.