Mbwa mshenzi aliyeundiwa klabu

Mtoto wa miaka tisa kule Mbagala, Temeke, alirudi kutoka shule na kijibwa cha kahawia ndani ya begi. Baba, aliyekuwa anadunduliza hela za mbwa wa kizungu wa kulinda nyumba, akafoka: "Mbwa mshenzi huyo! Mrudishe ulikomtoa."

Neno hilo lina historia. Wawindaji wa misitu ya Kongo walikuwa na mbwa wadogo wenye mkia uliojikunja, wakiwafunga kengele shingoni kwa kuwa hawabweki kama wengine. Wazungu wakawaita Basenji, jina lililo ndugu wa "washenzi" wetu. Mwaka 1937 walionyeshwa Uingereza, watu wakajaa kuwatazama. Mwaka 1942 Wamarekani wakawaundia klabu, Basenji Club of America. Miaka ya 1980, kizazi kilipohitaji damu mpya, wafugaji wa Marekani walirudi kuwatafuta vijijini Zaire, kwa watu wasio na cheti cha mbwa hata kimoja.

"Na huyo wa kizungu atabweka kuliko huyu?" mama akauliza. Kijibwa kilikuwa kimeshaanza kuifokea bodaboda ya jirani. Baba akanyamaza. Baadaye akauliza ofisi ya mifugo inachanja kichaa cha mbwa siku gani.