Upepo wa Igawa

Upepo haupigiki picha. Unachopiga ni majani yaliyolala. Hilo nililijua Agosti moja, niliposhuka basi Igawa, nikaipa mgongo barabara kuu ya Mbeya na kushika njia ya kuelekea mbuga za Usangu.

Jua lilikuwa linazama. Nikaushusha mstari wa upeo hadi theluthi ya chini, anga likatawala. Nikapunguza kasi ya shata, majani yakawa kama maji. Kasoro moja tu: mzee na ng'ombe wake, pembeni kushoto. Nikasubiri wapite. Akanifuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unangoja nini, kijana?"

"Nangoja pawe patupu."

Akacheka kidogo. "Hata wale waliotuhamisha walitaka patupu."

Nilinyamaza. Wafugaji na mifugo waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007. Mwaka 2008 sehemu ya bonde ikaingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Na mimi, na kamera yangu ya kuazima, nilikuwa namwondoa tena.

Nikamwomba ruhusa. Akakubali, akasimama.

Ndiyo picha pekee niliyoisafisha. Shuka lake limevimba kulia kama tanga. Bila yeye, usingejua upepo ulitoka wapi.