Kwa Nini Sikuifunga Bastola Yangu Mdomo

Mimi ni mnunuzi wa mahindi na maharagwe hapa Malakisi, na ni muumini wa Kanisa la Marafiki tangu utotoni. Kwa miaka kadhaa nilikuwa pia na bastola aina ya Ceska, yenye leseni halali ya serikali. Mambo hayo mawili hayakai pamoja kwa urahisi. Marafiki, au Wakweka kama wengi wanavyotuita, walimwambia Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza mnamo 1661 kwamba hawatapigana kwa silaha kwa sababu yoyote ile, na wamisionari waliofika Kaimosi mwaka 1902 walikuja na fundisho hilo hilo. Wenzangu kanisani wameniomba nieleze nilivyoishika silaha, nilivyotaka kuiongezea makali, na nilivyoiachilia. Nitaeleza yote, hata habari za vyuma, maana badiliko langu lilianzia kwenye vyuma.

Anayeshangaa muumini kubeba bastola hakuwa Malakisi kati ya 2006 na 2008. Ukitazama upande wa kaskazini kutoka sokoni kwetu, Mlima Elgon uko pale juu, na Cheptais si mbali. Huko mlimani kundi la SLDF (Sabaot Land Defence Force) lilichukua bunduki kwa ajili ya mashamba ya Chebyuk, yaliyogawanywa na serikali kwa awamu, na kila awamu ikaacha watu wenye uchungu. Human Rights Watch walikadiria kwamba kundi hilo liliua watu zaidi ya 600. Wengine walikatwa masikio, wakaachwa hai wawe onyo kwa majirani. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kwa mamia, wakapelekwa kambi ya Kapkota, wakateswa, na wapo ambao familia zao zinawasubiri mpaka leo. Wycliffe Matakwei, kiongozi wa SLDF, aliuawa Mei mwaka huo huo. Huku chini tulipokea watu waliokuja na kuku, magodoro na watoto migongoni, tukawalaza kwenye maghala.

Biashara yetu nayo ilikuwa ya noti mkononi. Mkulima analeta gunia, linawekwa kwenye mizani, kilo 90 zinasomwa mbele yake, naye anataka kuzihesabu pesa zake pale pale. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini ilichukua muda kabla mzee wa Lwakhakha aliyeuza maharagwe yake kukubali kwamba ujumbe kwenye simu ni pesa. Kwa hiyo nilikuwa nauza mzigo Kitale, kisha narudi kupitia Kamukuywa na Kimilili na noti zimefungwa kiunoni chini ya shati. Mwenzangu mmoja katika kazi hii alivamiwa njiani, akapigwa risasi ya paja. Mimi nikaomba leseni. Chifu aliandika barua, polisi wakachukua alama za vidole, nikahojiwa, nikasubiri, nikahojiwa tena. Silaha niliyopata nilijifunza kuitunza vizuri, na sikuwahi kumwelekezea mtu. Silitaji hilo ili nisifiwe. Nataka ieleweke kwamba sikuondoka kwenye silaha kwa sababu ya damu.

Kilichonivuta zaidi kilitoka ng'ambo. Shemeji yangu anaishi Texas, ambako duka la bunduki ni kama duka la vipuri vya magari. Alianza kunitumia picha za bastola yake: juu ya slaidi ameweka kilengeo cha nukta nyekundu, na mbele ya mtutu ameskrubu sailensa ndefu nyeusi. Ilikuwa silaha ya kuvutia, na mimi hupenda chombo kilichotengenezwa kwa akili. Baada ya mauaji ya jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambapo raia wenye leseni waliingia na bastola zao kuwatoa watu kabla vikosi havijajipanga, hamu hiyo ilipata sababu ya heshima. Nilijiambia kwamba mtu akishabeba silaha, abebe iliyo bora.

Nukta nyekundu ni kitu chepesi kukieleza. Ni kitaa kidogo kinachomulika kioo kilichopinda, na kioo kinalirudishia jicho lako mwanga huo kama nukta inayoelea juu ya shabaha. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilianza kuuza vilengeo vya namna hiyo mwaka 1975, vikiwa vikubwa, vya bunduki. Vya kukaa juu ya bastola vilikuja baadaye. Kwenye vilengeo vya kawaida vya chuma, jicho lina kazi ya vitu vitatu: pengo la nyuma, kinundu cha mbele na shabaha yenyewe. Kwenye nukta unatazama shabaha tu, macho yote mawili wazi, na nukta inaikalia. Nilijaribu bastola ya rafiki yangu pale Kirigiti, Kiambu, kwenye uwanja wa kulenga shabaha, chini ya mwalimu. Wenzangu waliona nukta. Mimi niliona nyota iliyopondwa, yenye mikia kama miwili mitatu hivi, na nikadhani kioo kina uchafu. Nilikipangusa, mikia ikabaki. Daktari wa macho mjini Bungoma ndiye aliyenieleza kwamba sehemu ya mbele ya jicho langu haina mviringo ulio sawa, kwa hiyo mwanga mdogo unatawanyika ukiingia. Ni hali ya kawaida sana, na miwani huipunguza. Nilinunua miwani na nikaendelea kuwaza nukta.

Sailensa ndiyo iliyonisimamisha.

Aliyeivumbua kwa namna iliyouzika sokoni ni Hiram Percy Maxim, Mmarekani, aliyepata hataza yake mwaka 1909. Baba yake ni Hiram Maxim, yule wa bunduki ya Maxim, ambayo Kapteni Lugard, Mwingereza, aliitumia Mengo, Uganda, mwaka 1892 na ambayo wazungu waliitembeza Afrika nzima wakichukua nchi. Baba alitengeneza mashine ya kelele iliyowatawanya babu zetu, na mtoto akatengeneza bomba la kumeza kelele. Bomba lenyewe lina vyumba ndani. Gesi moto inayoifuata risasi inaingia humo, inapanuka na kupoa kidogo kidogo, badala ya kulipuka mdomoni mwa mtutu. Halifanyi bastola iwe kimya kama kwenye filamu. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, bado inapasua hewa kwa mlio wake wenyewe. Lakini mlio unapungua kiasi cha kumfanya jirani aliye nyumba ya tatu asijue amesikia nini, wala umetoka wapi.

Huko Marekani wanaoitetea wana hoja, na sitaki kuwadhulumu. Mwindaji anakinga masikio yake, na anayeishi karibu na uwanja wa kulenga anapata usingizi. Hata hivyo sheria yao ya mwaka 1934 iliiwekea sailensa ushuru wa dola 200 na usajili. Kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaihesabu kuwa silaha yenyewe: ukipatikana na bomba hilo tupu bila kibali, umepatikana na bunduki. Nilipoisoma sheria hiyo mara ya kwanza niliona ni ukali usio na maana. Bomba haliui mtu.

Nilimweleza kukhu wangu jambo hili, nyanya aliyenilea, wakati huo akiwa mzee sana lakini masikio yake yakiwa salama. Hakuelewa vizuri habari ya nukta, wala hakuijali. Habari ya bomba aliielewa mara moja, akaniuliza: "Sasa wewe ukipigwa usiku, au ukipiga, sisi tutajuaje?"

Yeye alikuwa msichana Februari 10, 1948, siku polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, watu wa Elijah Masinde, hapa hapa Malakisi, wakaua watu 11. Hakuwa uwanjani. Alikuwa shambani na mama yake, wakasikia, wakatupa majembe. Alisema kila aliyesikia alijua palipo na msiba, na watu walitoka pande zote kwenda kutafuta wa kwao. Serikali ya mkoloni iliandika ilichotaka kuandika. Haikuweza kumwambia mtu yeyote wa Malakisi kwamba siku ile hakukuwa na kitu.

Maneno yake yalinirudisha kwenye zile usiku za 2007, ambazo nilikuwa nimezifungia mahali. Tulikuwa tukilala kwa zamu, wanaume wawili watatu nje, taa zimezimwa. Mlio ukitoka upande wa juu, tulijua ni upande gani, na baada ya muda tulijua ni umbali gani. Kina mama walishaamka, watoto wameshafungwa migongoni, na tulijua njia ya kukimbilia. Mlio wa bunduki ulitutia hofu, lakini ulikuwa habari. Familia nyingi zilizofika kwetu zikiwa nzima zilifika kwa sababu zilisikia bunduki kwa jirani. Nyumba zilizoingiwa kwa panga, kimya kimya, ndizo tulizosikia habari zake asubuhi, wakati hakuna tena la kufanya ila kutafuta majeneza.

Katika kijiji chetu usalama unakaa kwenye nduru. Mtu anapiga nduru, jirani anaipokea, na wa ng'ambo ya mto Malakisi anaipokea. Hakuna gari la polisi linaloweza kufika kabla ya nduru. Nilichokuwa nataka kununua ni chombo cha kuniondoa mimi kwenye mpango huo. Ningekuwa mtu mwenye uwezo wa kumaliza jambo gizani, peke yangu, bila jirani kuitwa kuwa shahidi, iwe nina haki au sina. Na chombo hicho kikiibwa, kingekuwa mikononi mwa mtu ambaye kijiji kizima hakingemsikia. Ndipo nikaielewa Sura ya 114. Bomba haliui, ila linamnyima aliyeuawa mashahidi wake.

Wazo la sailensa likafa hapo. Nilidhani limekufa peke yake, lakini liliivuta bastola nyuma yake. Nikishakubali kwamba kinga yangu ni wale wanaosikia, ilinibidi nijiulize Ceska inanifanyia kazi gani kiunoni. Kwa kuwa nilikuwa na silaha, nilikuwa nimeacha kutoka usiku jirani anapoita; niliogopa kuacha nyumba yenye bastola, na niliogopa zaidi kutoka nayo gizani penye watu wengi. Majirani nao walikuwa wameacha kuniita. Hilo liliniuma kuliko fundisho lolote la kanisani. Wakati huo wakulima wangu karibu wote walikuwa wanalipwa kwa simu, na kiuno changu kilikuwa hakibebi noti tena.

Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye leseni wakaguliwe upya, na waliopita wapewe vyeti vipya vya kielektroniki. Wengine walinung'unika. Mimi niliiona kama mlango. Nilipeleka bastola, magazini zake na risasi zote, zikahesabiwa mbele yangu moja moja juu ya meza ya mbao, nikatia sahihi. Afisa aliniuliza kama nina uhakika, kwa upole kabisa. Nikamwambia ninao.

Tangu hapo nimekaa katika warsha za amani zinazoendeshwa na Marafiki na wenzao mlimani, zile za kuwaweka kwenye duara moja walioumizwa na SLDF, walioumizwa na jeshi, na waliokuwa ndani ya kundi lenyewe. Si kazi laini. Nimeona mama akiondoka katikati ya mazungumzo, na hakuna aliyethubutu kumrudisha. Alirudi mwenyewe siku ya pili, akakaa karibu na mlango. Kwa watu kama hao hakuna bastola ningeweza kuwapa, hata iwe na nukta ya rangi gani. Wanachodai ni kuambiwa waume na wana wao walizikwa wapi, na serikali inawajibika kuwaambia.

Shemeji hakubaliani nami. Anasema nimejivua nguo kwenye baridi, na kwamba siku wezi watakapokuja nitamkumbuka. Ninampenda, na simdharau; yeye anaishi mahali ambapo nyumba ya jirani iko mbali na hakuna anayepokea nduru. Nimemwalika aje Desemba. Nimemwambia tutapanda Cheptais pamoja, akae na wale kina mama mchana mmoja awasikilize, halafu tuendelee na ubishi wetu.