Jiwe la Musa na bega lako



Baadhi yenu mmeniuliza mbona siku hizi nashika maikrofoni kwa mkono wa kushoto, na wakati wa sifa ule wa kulia haupandi. Ni neva iliyobanwa. Hutokea shingoni kwenye uti wa mgongo, ikapita begani na kushuka mkononi. Ndiyo maana bega huuma ingawa tatizo liko shingoni, kisha vidole vinaingia ganzi na mkono unachoma kama umeguswa na stima. Usiku ndio mbaya zaidi.

Naandika kwa sababu najua si mimi pekee. Tena najua wengine mmejificha. Uliombewa, ukashuhudia umepona, sasa unaona haya kusema bado unaumwa. Unameza dawa kisirisiri usije ukaambiwa huna imani.

Fungua Kutoka 17. Israeli wanapigana na Amaleki, Musa yuko kilimani, na mikono inamchoka. Hakuna aliyemkemea. Walimletea jiwe akalikalia, Haruni na Huri wakamshika mikono, kila mmoja upande wake, mpaka jua likatua. Lile jiwe halikuwa na upako wowote. Lilikuwa jiwe tu, na bado ushindi ulikuwa wa Bwana.

Jiwe langu mimi ni mazoezi ya viungo niliyofundishwa hospitalini: kurudisha kidevu nyuma taratibu, kulalia mto usiokunja shingo, kuinua simu usawa wa macho badala ya kuiinamia. Ukizidiwa, jaribu kuweka kiganja juu ya kichwa. Wengi hupata nafuu kidogo. (Mkinikuta hivyo ofisini, msidhani nimepata msiba!) Wengi hupona bila upasuaji, lakini ni kwa wiki, hata miezi. Si siku tatu.

Usimruhusu mtu akuvute na kukukunja shingo mpaka ilie. Usinunue dawa za maumivu kemisti mwezi baada ya mwezi bila daktari, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo. Na mkono ukiisha nguvu, vikombe vikikuponyoka, miguu ikiyumba au mkojo ukikutoka bila kujua, usingoje kesha la Ijumaa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu ya bega yakija pamoja na kifua kubana na jasho. Tutakuombea ukiwa njiani.

Sasa kuna mama zetu wenye shida hii ambao bado wanabeba jerikani la lita 20 kila asubuhi, kilo 20 hizo, kwa sababu hawana mwingine wa kuwatekea. Jumamosi vijana watapita na mkokoteni. Kama ni wewe, au ni jirani yako, nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa jioni unieleze ni nyumba gani.