Usiseme Utaishi Humo

Nilikanyagwa mguu katika ua wa wauzaji wa matela, kaskazini mwa jimbo la Indiana, asubuhi moja ya Oktoba 2024. Aliyenikanyaga ni mzee wangu mmoja kutoka Tanga, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, na alinikanyaga kwa makusudi. Muuzaji alikuwa ameuliza swali jepesi, huku akitabasamu: tela hili mtalitumia vipi? Nami, kwa unyoofu wa mtu aliyezoea kujibu maswali ya watahini, nikasema mdogo wangu ataishi humo mwaka mzima. Tabasamu la muuzaji halikuondoka, ila kalamu yake iliacha kuandika.

Mdogo wangu huyu ni mtoto wa mama mdogo. Ni muuguzi, na kazi yake ni ya mikataba ya wiki 13: hospitali yenye upungufu wa wauguzi humpata kupitia wakala, huzimaliza wiki hizo, kisha huelekea mji mwingine. Kila mji una mwenye nyumba wake, na kila mwenye nyumba anataka amana, kodi ya mwezi wa kwanza, na mpangaji wa mwaka mzima. Chumba na sebule alivyokuwa navyo wakati ule vilimgharimu dola 1,450 kwa mwezi. Kule Kibaha ana kiwanja chenye msingi ambao umeota nyasi. Nilikuwa Marekani kwa likizo ya utafiti ya mwaka mmoja aliponipigia simu na kusema kwamba anataka kununua nyumba yenye magurudumu. Nikaanza kumpa mawaidha. Akanikatiza.

"Kaka, hesabu nimeshapiga. Wewe njoo unisomee mkataba tu."

Hivyo ndivyo shahada yangu ya uzamivu ilivyopangiwa kazi.

Hatukwenda Indiana kwa bahati. Wilaya ya Elkhart, karibu na mpaka wa Michigan, ndiko kunakotengenezwa sehemu kubwa ya matela na magari ya kuishi yanayouzwa Marekani. Mji unapumua kwa bidhaa hii. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 2008, watu waliacha kwanza kununua vitu vya starehe, na ukosefu wa ajira Elkhart ukapanda kupita asilimia 15. Barack Obama alifika hapo Februari 2009, wiki chache tu baada ya kuapishwa, kunadi mpango wake wa kuufufua uchumi. Niliyajua haya kutoka vitabuni. Nisichokuwa nimekitafakari ni neno lile, starehe. Kiwanda, benki, mtoa bima na baraza la mji wote wamekubaliana kwamba kitu hiki ni cha starehe. Anayekitaka kiwe makazi anaingia mlango ambao haukuwekwa kwa ajili yake.

Uchaguzi wenyewe si mgumu kuueleza. Kuna magari yenye injini, kuanzia makubwa mithili ya basi hadi vani ndogo ambazo mtu akisimama kichwa kinagusa dari. Faida yake ni kwamba unawasha na kuondoka. Hasara yake, alisema mzee wa Tanga, ni kwamba injini ikipelekwa gereji nyumba nayo imekwenda gereji, na wewe umebaki barabarani na sufuria. Kuna matela ya kuvutwa. Na kuna yale makubwa ambayo ndoano yake hufungwa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma. Ni tulivu zaidi barabarani na yana nafasi kama nyumba kweli, lakini hutaka pikapu yenye nguvu ambayo bei yake hushinda ya tela. Yeye mwenyewe anaishi katika hilo la mwisho, mwaka wa sita sasa. Mdogo wangu alikuwa na pikapu ya wastani aliyoinunua kwa mtu, hivyo uwezo wa kuvuta ndio uliotuamulia: tela la kawaida, lisilozidi mita saba.

Hapo nilifanya kosa langu la kwanza. Nilisoma uzito wa tela likiwa tupu nikaridhika. Mzee akanipeleka kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango, kinachoonyesha uzito wa mizigo ambao tela linaweza kubeba juu ya uzito wake. Kilisema kilo 545. Tangi la maji safi likijaa lilikuwa lita 150, yaani kilo 150 zimekwisha kabla hujaingiza hata kijiko. Toa betri, matandiko, vyombo, nguo za baridi. Mdogo wangu alikuwa na kinu na mchi wa mninga alivyoletewa kutoka nyumbani. Tulivitazama kimya. Kinu kilibaki kwangu. Mbuzi ya kukunia nazi ikapita.

Nirudi kwa muuzaji. Tela lile jipya lilinukia gundi na lilikuwa na taa za kupendeza chini ya makabati. Baada ya malipo ya awali, mkopo ungekuwa dola 38,000 kwa miaka 15, riba asilimia 9.5. Nilipiga hesabu kwenye simu: karibu dola 397 kwa mwezi, na mwisho wa yote zaidi ya dola 71,000 kwa kitu ambacho thamani yake huanza kushuka siku kinapotolewa uani. Nilikuwa bado najivunia hesabu hiyo mzee alipoweka kidole kwenye ukurasa wa dhamana ya kiwanda. Mstari ule ulikuwa katikati ya aya, bila wino mzito. Ulisema kwamba tela ni kwa matumizi ya burudani ya muda, na kwamba likitumiwa kama makazi ya kudumu dhamana haifanyi kazi. Watengenezaji wengi huweka sharti la namna hiyo. Benki nyingi nazo hazimkopeshi mtu anayekiri kwamba ataishi ndani.

Kwa mtoa bima mambo ni kinyume. Humo lazima useme kwamba unaishi, kwa sababu ukificha na tela likaungua anaweza kukataa kukulipa. Kwa hiyo mtu mwaminifu kabisa, akitaka kununua nyumba hii kwa mkopo na kuilinda, anatakiwa awe na majibu mawili ya swali moja, na akumbuke ni jibu gani amempa nani.

"Ndiyo maana nikakukanyaga, Daktari," alisema mzee tulipotoka nje. "Hapa husemi utaishi humo. Unasema unapenda kuvua samaki."

Nilicheka. Mdogo wangu hakucheka. Alisema amechoka kuulizwa anaishi wapi na watu ambao hawataki jibu.

Jioni ile tulikaa na makaratasi yake ya kodi, na huko nilikuta jambo ambalo limenifanya niandike makala hii. Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani, inapozungumzia riba ya mkopo wa nyumba, inakubali kwamba nyumba inaweza kuwa tela, au hata mashua, mradi iwe na mahali pa kulala, pa kupikia, na choo. Mkopaji mdogo aghalabu hanufaiki na nafuu hiyo, lakini tafsiri ipo. Sasa geuza ukurasa. Wakala humlipa mdogo wangu ujira wa saa na, juu yake, posho ya malazi na chakula. Watumishi wa umma wanaosoma hapa hawahitaji kufafanuliwa neno posho. Kwa muuguzi wa namna yake, posho hiyo haikatwi kodi iwapo ana makao ya kudumu mahali pengine anayoendelea kuyagharimia akiwa kazini mbali nayo. Asiye na makao hayo wala kituo cha kudumu cha kazi, sheria inamhesabu kuwa mhamaji: nyumbani kwake ni pale kazi ilipo, kwa hiyo hayuko safarini, kwa hiyo posho yake ni kipato kama kipato kingine. Akiachia chumba cha dola 1,450 na kuhamia ndani ya tela, anakuwa mtu aliye nyumbani kila mahali, na sehemu ya akiba aliyodhani ataipata inarudi serikalini. Ofisi ni moja, tela ni lile lile.

Wako wanaolizunguka hili kwa kujiandikisha wakazi wa Dakota Kusini, Texas au Florida, majimbo yasiyotoza kodi ya mapato ya jimbo na yenye kampuni zinazompokelea mtu barua. Hilo linakupa leseni ya udereva na namba ya gari. Halikupi makao machoni pa mtoza kodi wa taifa, na wengi hugundua wakiwa wamechelewa.

Kisha kuna ardhi. Watu husema nyumba yenye magurudumu haihitaji kiwanja. Hakuna uongo mkubwa kuliko huo. Inahitaji kiwanja kila usiku, chenye umeme, maji, na mahali pa kumwagia tangi la choo. Magharibi ya nchi kuna ardhi ya umma ambapo mtu anaweza kukaa bure hadi siku 14 kabla ya kutakiwa kusogea, lakini jangwa la Arizona halina hospitali inayohitaji muuguzi wa zamu ya usiku. Huku kaskazini alipangiwa nafasi katika bustani ya matela kwa dola 650 kwa mwezi. Bustani nyingi hufunga majira ya baridi kwa kuhofia mabomba kuganda, na nyingi hazipokei tela lenye umri unaozidi miaka kumi. Anayeshindwa kulipia nafasi huishia ukingoni mwa barabara, na huko hukutana na polisi: Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri lililotoka mji wa Grants Pass, Oregon, iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu wanaolala katika maeneo ya umma hata kama hawana pengine pa kulala.

Wanafunzi wangu waliotazama Nomadland, filamu iliyotwaa Oscar mwaka 2021, hunikumbusha machweo na uhuru. Uhuru upo, sikatai. Mzee wa Tanga ni mtu mwenye furaha kuniliko. Lakini ana pensheni, pikapu iliyokwisha lipiwa, na rafiki mwenye shamba.

Nilipokuwa nayasoma yale makaratasi nilifikiria Dar es Salaam, ambako sehemu kubwa ya wakazi wamejenga kwenye makazi yasiyopangwa. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na mita haiulizi kama nyumba ina hati. Kwa mita, ile ni nyumba. Siku barabara inapopanuliwa na alama nyekundu ya X ikachorwa ukutani, mwenyewe huweza kuambiwa kwamba pale hapakuwa na nyumba, palikuwa na uvamizi. Sisemi mambo haya ni sawa. Muuguzi anayelipwa kwa dola na mama lishe wa bondeni hawana shida moja. Ila nimefundisha sera za makazi kwa miaka, na sikuwahi kuwaambia wanafunzi waulize ni ofisi ipi inakiri kwamba mtu anaishi mahali fulani, na ipi inakana, na inapata nini kwa kukana.

Tela jipya tuliliacha. Mdogo wangu ndiye aliyeamua: hatanunua kitu kinachomtaka aanze kwa kudanganya. Tukatafuta lililotumika, kwa fedha taslimu, ambalo halina dhamana ya kupoteza. La kwanza lilikuwa zuri mno kwa picha. Mzee alipanda ngazi akakagua gundi ya kuzibia paa, akashuka, akaingia ndani na kubonyeza kona za kuta kwa dole gumba. Chini ya dirisha la chumbani ukuta uliingia ndani kama mkate. Ulikuwa umepakwa rangi mpya. "Maji yameshahamia," alisema, na tukaondoka.

La tatu lilikuwa la wastaafu wawili, limetengenezwa 2017. Sakafu karibu na choo ilikuwa ngumu, makabati hayakuwa na madoa, jokofu liliwaka kwa gesi na kwa umeme. Tairi zilikuwa na namba 3116, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2016. Zilionekana mpya kwa sababu hazikutembea, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Kwa ajili ya tairi hizo bei ilishuka kutoka dola 16,000 hadi 14,500. Kwa kanuni ya miaka kumi, lilikuwa na miaka mitatu ya kukubalika bustanini. Mdogo wangu alisema miaka mitatu inatosha kuifikisha Kibaha kwenye linta.

Januari theluji ya Ziwa Michigan ilipokuja, bomba la maji liliganda siku ya pili. Alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, ametoka zamu, anaoga kwa maji ya chupa aliyochemsha. Nilimwambia aje kwangu. Alikataa, akasema kwake ni pale.

Ikabaki fomu ya bima, yenye nafasi ya anwani ya makazi. Mkataba wangu wa nyumba ulikuwa unaisha Juni, nisingeweza kumwazima anwani ya miezi mitano. Tukaandika ya mzee wa Tanga. Yeye naye, nilikuja kujua baadaye, hutumia ya binti yake.