Jibini Mezani, Kando ya Mpaka wa Bwera

Reli itokayo Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, ili kuichukua shaba ya Kilembe. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1982, na magari ya moshi ya abiria nayo yalikoma baadaye. Siku hizi mgeni huja kwa basi, mwenye vumbi mabegani na njaa tumboni. Mbele yake husimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita chenye theluji hufika mita 5,109, ilhali yeye mwenyewe huku uwandani anatokwa na jasho.

Kutoka hapo barabara huteremka hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha hugeuka magharibi kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchi ya Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu, lugha zao ni karibu moja, na penye kutoelewana Kiswahili huwapatanisha.

Askari au polisi apelekwaye kulinda sehemu hizo huambatana na jamaa yake, nao wageni hawatoi taarifa. Mama wa nyumba hukuta watu wanane barazani saa kumi na moja jioni, mshahara haujafika, na kitoweo cha usiku bado hakijaiva. Hapo ndipo jibini huokoa heshima ya nyumba. Upande wa Kongo, vilima vya Masisi vina sifa ya jibini ngumu ya mviringo, ufundi ulioletwa na mapadri wa Kibelgiji, na ulioendelea japo vita vimeyapunguza sana makundi ya ng'ombe. Kipande kidogo hulisha wengi, mradi kikatwe kwa akili.

Adui wa jibini huko ni joto. Isifungwe katika karatasi ya nailoni, maana hutoa jasho na kuota ukungu. Ifungwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, iwekwe ndani ya chungu kilichosimamishwa juu ya mchanga uliolowa, kivulini.

Wageni wanane watoshwa na vipande 8 vya mkate na gramu 150 za jibini. Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, ambao hulegea. Vipande hubanikwa juu ya sigiri pande zote mbili mpaka viwe vya rangi ya dhahabu, hupakwa siagi kidogo, kisha hutandazwa jibini iliyokatwa nyembamba kama ganda la kitunguu, pamoja na nyanya na pilipili manga. Chumvi haihitajiki. Halafu hupangwa katika sufuria pana juu ya makaa machache, hufunikwa, na makaa mengi huwekwa juu ya kifuniko. Baada ya dakika 3 au 4 jibini huyeyuka. Mwenye kuyazidisha makaa ya chini atawapa wageni mkaa mtupu! Kila kipande hukatwa mara nne, vikapatikana 32.

Mwezi Juni mwaka 2019, Ebola ilipovuka mpaka na wagonjwa wakapokewa katika hospitali ya Bwera, watu waliaswa wasipeane mikono. Ni jambo zito kwa wenyeji ambao salamu kwao ni mkono. Tangu hapo ndoo ya maji na sabuni mlangoni si dharau kwa mgeni. Vitafunio hivi vyafaa kwa desturi hiyo: kila mtu hupewa sahani yake yenye vipande vinne, wala hakuna wa kutia vidole katika sinia la mwenzake.

Viliwe vingali moto pamoja na chai ya rangi, kwa kuwa jibini ikipoa hugeuka ngozi. Miisho ya mkate isitupwe. Ikaushwe juani na kutwangwa, nayo itafaa kuvingirishia samaki wa Katunguru siku ya pili.